Mgongo wa Kiranja

Wifi yangu huosha mbwa. Nasema mapema ili mtu asije akadhani ni daktari, maana ukimsikia anavyoongea utafikiri kliniki nzima ni yake na yule daktari ni kibarua aliyekuja kuomba kazi. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Tumeishi naye nyumba moja miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo sijawahi kumshinda kwenye ubishi hata siku moja, hata ule wa mahali pa kuweka ndoo jikoni kwangu mwenyewe.

Kliniki ya wanyama iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Nyuma kuna chumba cha sakafu ya saruji, sinki pana la bati linalomfika kiunoni, ndoano mbili za kufungia kamba na saa ya ukutani. Ndipo anaposhinda. Aliingia pale akiwa mfuaji wa mataulo. Siku moja mwoshaji wa wakati ule aling'atwa kidole na kimbwa cha mapambo, kidogo kuliko birika, akaondoka mchana ule ule na kofia yake akaiacha. Wifi akakunja mikono ya gauni, akamaliza kumwosha yule mbwa, kisha akauliza kama kuna mwingine. Mwaka huu ametimiza miaka kumi na tisa kazini.

Wateja wanamwita Dakika Kumi, na jina amelipata kihalali. Mbwa wengi wanaoletwa pale ni wagonjwa wa ngozi: vipele vya usaha, magamba, viraka vya mviringo visivyo na manyoya, na kujikuna mpaka mtu anayemtazama naye anaanza kujikuna. Daktari hubandika kipande cha utepe wa gundi juu ya kidonda, anakiweka chini ya darubini, na mara nyingi anakuta bakteria wamejazana. Tiba yake ni shampuu ya dawa ya kuua vijidudu, ya rangi ya waridi. Unampaka mbwa mwili mzima, unasubiri dakika kumi, ndipo unasuuza. Dawa lazima ikae. Ukiisuuza upesi umemwogesha mbwa tu, na bakteria wamebaki wakikucheka.

Haya, jaribu kuwaeleza watu hilo. Mimi hukaa kwenye benchi la nje ya chumba chake nikimpelekea chakula cha mchana, na nimeyasikia yote. Mmoja anasema dakika kumi ni nyingi, yeye ana shughuli zake. Mwingine amesubiri kweli, ila alimwacha mbwa huru, naye mbwa akaenda kujigaragaza mchangani na dawa yake mgongoni. Bibi mmoja alitanguliza oili chafu ya gari, eti ili dawa ishike. Baba mmoja mwenye tai alitaka sindano, kwa sababu kwake yeye dawa isiyouma si dawa. Daktari akamweleza kwa upole kwamba ugonjwa uko juu ya ngozi, dawa ya juu inautosha, na vidonge au sindano kali zikigawiwa kwa kila kipele, siku ya ugonjwa mkubwa zitagoma. Wifi upole huo hana.

"Wewe wali ukiuweka jikoni unauepua hapo hapo?" alimwuliza yule baba. "Basi acha dawa iive!"

Na kila anayeondoka na chupa lazima apewe wimbo wa mwisho pale mlangoni: "Sabuni ya kipande iweke mbali! Ile na hii hazipikiki chungu kimoja. Sabuni ikibaki mwilini, dawa yako imekwisha kazi." Wimbo huo hata wanangu wanaujua. Wameusikia mezani, wameusikia wakiwa wanasoma, wameusikia mpaka siku ya homa. Mume wangu ndiyo kabisa hasemi kitu. "Ni dada yangu," ananiambia, kama vile nilidhani ni jirani.

Sasa nije kwa Kiranja.

Kiranja ni mbwa wa mlinzi wa shule ya msingi, umbali wa mitaa miwili kutoka kwetu. Ni mbwa mkubwa wa kahawia, sikio moja limesimama, jingine limechoka. Watoto ndio waliompa jina, kwa sababu asubuhi alikuwa akikaa getini kumtazama kila anayechelewa. Mlinzi ni mzee mwembamba mwenye koti la sare lililobakiwa na vifungo vitatu. Analala kwenye kichumba cha geti. Mke alishatangulia, watoto wako mbali, na ukimkuta anaongea ujue anaongea na Kiranja.

Muhula ulipokaribia kwisha, mzazi mmoja aliona vidonda mgongoni mwa mbwa, akapiga kelele mpaka ofisini. Mwalimu mkuu akatoa uamuzi. Likizo ni ya mwezi mmoja. Watoto wakirudi wakute mbwa amepona, la sivyo daktari atamchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja. Daktari aliandika barua kueleza kwamba ugonjwa ule si rahisi kuwapata watoto, lakini barua haiwezi kushindana na mzazi aliyekwisha kupiga kelele.

Mpango ukawekwa. Jumatatu na Alhamisi mzee atamleta Kiranja kliniki, wifi amwoshe kwa shampuu. Kila jioni mzee mwenyewe atampangusa tumbo na mapaja ya ndani, kwenye ngozi isiyo na manyoya mengi, kwa pamba iliyolowekwa dawa ya maji, kisha amzuie asijirambe mpaka ikauke. Viroboto waliondolewa siku ya kwanza. Wifi alimpa mzee maelekezo kama anayemwapisha, na mzee akaitikia "ndiyo, mama" mara nane, ingawa amemzidi umri kwa miaka kumi na tano.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mgongo wa Kiranja uko vile vile. Wiki ya tatu ikaingia na vipele vipya. Pale nyumbani hatukulala kwa raha. Sahani zinawekwa kwa kishindo, milango inafungwa kwa kishindo.

"Yule mzee ananidanganya," wifi akasema. "Anampaka dizeli yule. Au hapangusi kabisa."

"Umemwuliza?" nikasema.

"Nimwulize nini? Mgongo nauona."

"Basi mwulize daktari."

"Daktari aliosha lini mbwa?"

Jumamosi asubuhi akaniambia nivae viatu, tunakwenda shuleni. Nilikuwa na nguo za wiki nzima kwenye beseni. Nikazitazama nguo, nikamtazama yeye, nikavaa viatu, kwa sababu kubishana kungechukua muda kuliko kwenda na kurudi.

Mbele ya geti la shule kuna vibanda vitano chini ya ukuta: mama wa matunda, kinyozi, fundi simu, muuza madaftari, na fundi viatu pale mwisho. Wote walikuwepo. Wifi hakusalimia mtu. Alisimama katikati ya barabara, mkono kiunoni, mzee akiwa bado anahangaika na komeo la geti, akaanza.

"Mzee, mbwa wako unamuua mwenyewe! Mimi navunja mgongo kumwosha, wewe huku unampaka takataka zako! Jumatatu ya kufungua shule wakija kumchoma sindano, usilie. Ni mkono wako. Mtu mzima huna hata aibu!"

Mzee alishika lile komeo akabaki hivyo hivyo. Mimi ardhi ingepasuka ningeingia na viatu vyangu. Aliyejibu ni fundi simu, na alijibu kwa hasira.

"Mama, unamwonea huyu. Kila siku saa kumi na mbili jioni, taarifa ya habari ikianza, anaongeza sauti ya redio, anampangusa mbwa, anamshika mdomo. Dakika kumi nzima, mpaka habari ziishe. Sisi wote hapa siku hizi tunajua mambo ya dunia kwa ajili ya huyo mbwa."

"Kweli kabisa," mama wa matunda akadakia. "Hata siku ya mvua."

Fundi viatu aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kupiga nyundo.

Wifi akasema maneno si ushahidi, aletewe mbwa. Kiranja akaja mwenyewe akitingisha mkia, maskini, maana anampenda wifi. Mzee akamlaza chali palepale kwenye mchanga. Tumbo lilikuwa safi. Mapaja safi, ngozi laini, manyoya madogo yanaota. Akamgeuza: mgongo umejaa magamba na vipele vyenye vichwa vya manjano.

Mimi sina mdomo mkubwa kama wifi, lakini siku ile nilikuwa nimeacha nguo kwenye maji na jua linanichoma utosi. Nikasema, "Wifi, mbona sehemu ya mzee imepona na yako haijapona?"

Kinyozi akazima mashine. Wifi alinitazama, akamtazama mbwa, akageuka akaenda zake bila kuaga. Mzee akampangusa Kiranja mchanga.

Siku mbili hakunisemesha. Chakula anakula, sahani anaosha, ananipita kama anayepita ukuta. Nami nikajiapiza sitaanza mimi. Ila tumbo la mtu halina ugomvi, na Jumatatu saa ya chakula ilipofika nikapanda ngazi za kliniki na bakuli mkononi huku nikinung'unika.

Lazima niseme habari ya ngazi hizo. Pampu ya jengo ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita na mwenye jengo anaahidi kila siku. Kila tone la maji la kliniki lilipandishwa kwa ndoo, na aliyepandisha ni wifi. Usiku mume wangu alikuwa akimkanda mabega kwa maji ya moto.

Nilimkuta na Kiranja ndani ya sinki, mzee amekaa nje kwenye benchi kwa sababu hakuruhusiwa kuingia. Hatukusalimiana. Nikakaa kwenye kigoda na bakuli langu nikamtazama anavyofanya kazi, na kwa kweli anaijua. Alimlowesha mbwa, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akamsugua mgongo kwa nguvu mpaka povu likafunika manyoya yote. Kwanza kumtoa uchafu na mafuta, ndivyo alivyofanya siku zote. Kisha akachota kopo moja la maji, akalipitisha haraka kutoka shingoni hadi mkiani. Kopo moja. Akafungua chupa ya waridi akaanza kumimina dawa.

"Wifi," nikasema, "hiyo sabuni umeisuuza?"

"Nimeipitishia maji."

"Maji gani? Povu si hilo hapo?"

"Ni povu kidogo. Unajua ndoo moja ina ngazi ngapi wewe? Maji nayatunzia suuza ya mwisho."

"Sawa. Lakini si wewe unayesema sabuni ikibaki dawa haifanyi kazi?"

Mkono wake ulisimama hewani na chupa. Aliutazama mgongo wa Kiranja, lile povu jeupe, na dawa ya waridi inayotiririka juu yake. Akatazama ndoo. Niliona akihesabu kichwani: tangu pampu ife, Jumatatu ngapi, Alhamisi ngapi. Nilikuwa nimengoja miaka kumi na mmoja nimkamate kwenye kosa moja tu, na sasa nimelishika nikakuta silitaki.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mimi."

Akachukua ndoo zote tatu zilizobaki, akamsuuza Kiranja mpaka maji yakatoka bila povu, akampaka dawa upya, akasubiri muda wake. Kumbe hata maji ya suuza ya mwisho hayakubaki. Alishuka akapanda na ndoo mbili nyingine, na nilipotaka kumpokea alinikwepa. Kisha akaingia kwa daktari akafunga mlango. Alipotoka alikuwa na orodha ya mbwa wengine wanne aliowaosha hivyo mwezi ule, akawapigia simu wenyewe mmoja mmoja akiwaambia wawarudishe. Daktari alisema Kiranja atapona, hapana shaka, ila apewe wiki tatu au nne za kuoshwa sawasawa. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu inayofuata.

Alhamisi tukaenda kwa mwalimu mkuu, mama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi. Wifi alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu. Hakuzunguka.

"Mwalimu, kosa ni langu. Nilibana maji, sabuni ikabaki, dawa haikufanya kazi. Mzee huyu alifanya sehemu yake yote. Naomba wiki nne."

Mwalimu mkuu akavaa miwani, akavua. "Nakushukuru kwa kusema. Lakini Jumatatu wazazi watajaa hapa getini, na siwezi kuwawekea mbwa mwenye vidonda mlangoni. Siwezi, mama. Akae kwingine mpaka apone, hapo sawa. Akiwa hapa, Jumatatu daktari anakuja."

Kwingine wapi? Mzee makazi yake ni kile kichumba cha geti. Kliniki haina mahali pa kulaza mnyama. Wifi ana chumba kimoja ndani ya nyumba yangu, na siku ya kwanza alipohamia nilimwambia wazi kwamba mbwa hakanyagi uani kwangu, na hilo, nalisema kwa haki, alilishika. Sasa hakunitazama. Alitazama vidole vyake, vile vidole vilivyopasuka kwa maji, na nilijua kabisa kwamba hataniomba. Angekufa kabla ya kuniomba. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, sijui nilimkasirikia nani.

"Aje kwetu," nikasema. "Aje! Kwani nyumba yangu imekuwa na amani lini?"

Mzee akaongea kwa mara ya kwanza. "Nitamleta, mama, ahsante. Lakini nitamwosha mwenyewe." Alikuwa anamtazama wifi. "Wewe utaniletea maji."

"Sawa," wifi akasema.

Nilisubiri "lakini" yake. Haikuja.

Basi ndivyo tulivyoishi. Manyoya kwenye unga, manyoya kwenye mito, harufu ya dawa mpaka kwenye chai, wanangu hawasomi, na mume wangu anamwita mbwa "mwanangu" kwa sauti ambayo watoto wake hawajawahi kuisikia. Siku ya kuosha mzee anavua lile koti, anamfunga Kiranja kwenye mti wa kuanikia nguo zangu, na wifi anapita na ndoo. "Ongeza," anasema mzee. Anaongeza. "Bado povu." Anarudi bombani. Siku moja wifi aliona mzee anamwanzia dawa miguuni badala ya mgongoni palipo na ugonjwa, mdomo ukafunguka, akaufunga. Nilimwona alivyoyameza maneno.

Wiki ya nne daktari akabandika utepe wake na hakukuta kitu. Mgongo ulikuwa umefunikwa na manyoya mafupi, laini. Mzee alikuja kumchukua Jumamosi. Alinishukuru mimi, akamshukuru mume wangu kwa mikono miwili, akawashukuru hata watoto. Wifi alikuwa amesimama karibu na beseni. Mzee akasita, kisha akamkabidhi kamba.

"Tembea naye wewe," akasema. "Mimi natangulia kufungua geti."

Nikafuatana nao, nikiwa na sufuria jikoni na moto nimeuacha mdogo, nikidhani ni mwendo wa dakika chache. Tulipofika kwenye vibanda wifi akasimama kwa mama wa matunda. Akamsalimia kwanza, vizuri, na familia yake akaiulizia. Halafu akasema, "Siku ile nilimtukana mzee mbele yenu. Mbwa huyu nilikuwa namwumiza mimi. Mzee hakukosea hata kidogo." Tukaenda kwa kinyozi, salamu, familia, maneno yale yale, neno kwa neno. Kwa fundi simu. Kwa muuza madaftari, ambaye alikuwa na wateja, naye wifi akangoja waishe. Mzee alikuwa ameshafungua geti, amesimama pale anatusikiliza, mkono kwenye komeo.

Sufuria yangu ilikuwa inaungua, nilikuwa na uhakika. Kibanda cha fundi viatu kilikuwa kitupu. Jirani yake akasema amekwenda kununua gundi, huenda akachelewa.

"Twende basi," nikamwambia. "Wanne wamesikia, watamwambia."

"Hapana," wifi akasema. Akaketi kwenye kigoda cha fundi, akamlaza Kiranja miguuni pake, na tukaanza kumsubiri.